Tandiko la Manjano

Jumapili, 13 Mei 1951

Bahari imetulia kama supu iliyopoa. Nimesafisha lenzi, nimefunga mapazia ili jua lisipite humo likatuchoma, kisha nimeandika kwenye daftari la serikali: Hali njema, hakuna jipya. Lakini jipya lipo! Ni vile tu serikali haitaki kulisikia. Basi nitaliandika humu, nilisome mwenyewe.

Nitakuwa baba. Mimi Nello, mlinzi wa taa, miaka hamsini na moja, magoti yanalia kila nikipanda ngazi. Ersilia wangu ana arobaini na mbili. Wawili wa kwanza, wakati wa vita, hawakufika. Huyu amefika hadi mwezi wa tisa na anapiga mateke kama punda wa mwuza mboga. Argene mkunga anasema atakuja na mwezi mpevu, si kabla. Zamu yangu inaisha Jumamosi. Mwezi unajaa Jumatatu. Nitakuwa nyumbani, nimeketi jikoni, nasumbua wanawake. Nimerudia hesabu hii mpaka Efisio, mwenzangu wa mnarani, amenikataza kuisema wakati wa kula.

Ila mtoto hasomi kalenda. Kwa hiyo mimi na Ersilia tulipatana kabla sijaondoka. Nyumba yetu iko mstari wa mbele pale San Ranieri, ghorofa ya juu, na roshani yake inatazama bahari. Kwa darubini ya mnara naiona sawasawa, ingawa ni ndogo. Ukingo wa roshani ukiwa mtupu, maana yake bado. Likitundikwa tandiko la hariri la manjano, lile la marehemu mama yake, amezaliwa na wote wazima. Likitundikwa shuka jeupe, njoo. Kwa vyovyote vile, njoo.

Nilimwomba mkuu wa bandari atupandishie tu kibendera kwenye mlingoti wake. Alinitazama juu ya miwani. Eti mlingoti wa serikali si kamba ya kuanikia nguo. Haya bwana. Kamba ya nguo tunayo.

Leo: mtupu.

Jumanne, 15 Mei

Efisio anafuma kofia. Huyu mzee wa Kisardinia, baba wa mabinti sita, ana vidole kama magogo lakini sindano zinamtii. Sufu ni ya kondoo wa kaka yake. Kofia yote inanuka zizi. Nimemwambia mtoto atapiga chafya mpaka ubatizo. Akanijibu kwamba mtoto akinusa hii atajua mapema kuwa ana babu kisiwani.

— Na kondoo, nikasema.

— Na kondoo pia ni ndugu. Wewe subiri tu, Nello mwanangu. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Nina mabinti sita, niulize mimi.

Tumecheka. Tumekula maharage na jibini yake ngumu. Tunaishi vizuri, sisi wawili, ndani ya Monaca. Monaca ni mtawa. Ndilo jina la miamba iliyo chini yetu, kwa sababu wimbi likirudi nyuma huinua kichwa cheusi chenye kitambaa cheupe cha povu. Mtawa huyu amemeza meli nyingi kabla hawajamjengea mnara kichwani. Efisio husema sasa amebaki na wanaume wawili tumboni, askofu asisikie.

Mchana niliwaona wanawake wawili rashani — sivyo, roshani, mkono umechoka. Kwa umbali huu mtu huwa si mtu, ni punje. Duilia, dada yake Ersilia, ni mjane na hajavua nguo nyeusi tangu vita. Yeye ni punje ya pilipili manga. Ersilia na gauni lake jeupe ni punje ya mchele. Nimemtazama punje wangu hadi jicho limetoa machozi. Alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Mgongo unamwuma, najua.

Jioni, wakati wa kuwasha, nilifungua kwanza pazia la upande wa mji. Huwa nafanya hivyo kila jioni. Sheria haisemi pazia lipi litangulie. Ersilia anajua.

Alhamisi, 17 Mei

Upepo hakuna, lakini mawimbi yameanza kuja marefu kutoka kusini-magharibi. Goti la Efisio limevimba. Goti hilo halijawahi kudanganya. Nimefungasha begi langu leo, siku mbili mapema, kana kwamba bahari itaona begi na kuona aibu.

Mtupu.

Ijumaa, 18 Mei

Libeccio, upepo wa kusini-magharibi! Ulianza alfajiri, na saa tatu asubuhi maji yalikuwa yanapiga dirisha la jikoni. Mnara unatetemeka. Vikombe vinacheza ngoma kabatini.

Ukingo mtupu. Sawa. Kaa hapohapo, mtoto. Kwa mara ya kwanza namwomba mtu asije.

Jumamosi, 19 Mei

Gosto amejaribu. Mungu ambariki. Alikuja na boti ya zamu, mlinzi wa kunipokea amekaa mbele amekumbatia mfuko wake, uso wa kijani. Walifika karibu kiasi cha kuonana meno. Lakini ngazi yetu ilikuwa inazama yote na kuibuka yote. Mtu angeruka, angeacha miguu yake kwenye mwamba. Gosto alizunguka mara mbili. Halafu akapishanisha mikono juu ya kichwa: haiwezekani.

Nilitaka kuruka mimi. Efisio alinishika mkanda kwa nyuma, kama mbuzi.

Gosto akakusanya viganja mdomoni, akapiga kelele kwa pumzi zake zote: — Bado! Anakula kama askari! Anakusalimia na anasema uvae soksi!

Nikapiga kelele kwamba nimevaa. Sikuwa nimevaa.

Wakageuza. Nilivaa soksi.

Jumapili, 20 Mei

Upepo uleule. Mtupu. Tumesali pamoja, kila mtu kwa lugha ya mama yake. Tumekula tambi bila kitu. Begi liko mlangoni na kila mmoja wetu analiruka.

Jumatatu, 21 Mei

Mwezi mpevu. Ukatoka nyuma ya milima, mkubwa, mzuri, mwekundu kidogo. Niliutukana.

Efisio ananiambia subira yavuta heri. Nikamwambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Akafikiri. Akasema zote ni kweli, ndiyo maana watu wa zamani walituachia zote mbili.

Argene amewahi kukosea. Binti wa mwokaji alichelewa siku nane. Najiambia hivyo.

Jumanne, 22 Mei

Mtupu.

Jumatano, 23 Mei

Upepo umepungua, mawimbi bado. Gosto hawezi. Kofia imekwisha, Efisio ameanza soksi.

Kuna kitu. Nilipokwenda usiku kupandisha jiwe la mtambo unaozungusha lenzi, nilichungulia mji. Dirisha letu lina mwanga. Nilipokwenda tena, mwanga upo. Ersilia hulala kwenye giza totoro, hata mshumaa wa Bikira hautaki. Nani amewasha taa chumbani kwetu?

Simwamshi Efisio. Ni taa tu. Huenda Duilia anaumwa jino.

Alhamisi, 24 Mei

MANJANO! Manjano! Manjano!

Nimeamka, nimepanda, nimeweka jicho, na lipo! Limening'inia ukingoni, limeshika jua lote la asubuhi! Amezaliwa! Wote wazima! Nimeshuka ngazi bila kugusa ngazi. Efisio alikuwa ananyoa, nusu ya uso ina povu. Nikamkumbatia na povu lake. Akatoka na suruali ya ndani, akacheza ngoma ya kwao pale nje kwenye kibaraza, miguu imebana, kifua mbele, huku mawimbi yanamrushia maji. Tumefungua chupa ya divai asubuhi yote hii. Ameniita Baba. — Kunywa, Baba! — Ongeza, Baba! Nimelia ndani ya kikombe. Sioni haya. Nani ananisoma?

Mimi ni baba. Ersilia yu mzima. Asante, asante, asante.

*

Baadaye, siku hiyohiyo.

Ngoja niandike taratibu.

Nilirudi juu kulitazama tena, kwa utamu tu. Nikasogeza darubini kidogo kushoto, nione kama Duilia yuko roshani. Dirisha la jirani lina tandiko jekundu. Nikasogeza tena. Kwa mwokaji, la kijani. Juu ya duka la kamba, jeupe lenye maua. Kulia, bluu, jekundu, zambarau. Kila dirisha la mstari wa mbele! Na nikawaza — naam, niliwaza, kwa muda wa pumzi moja, mpumbavu mimi — nikawaza: San Ranieri nzima inamshangilia mwanangu!

Halafu nikakumbuka leo ni siku gani.

Alhamisi. Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Leo Sakramenti inapita barabara ya mbele chini ya mwavuli wa dhahabu wenye miti minne, na kila nyumba hutundika tandiko lake zuri kuliko yote. Sisi tunalo moja tu zuri. Hutundikwa kila mwaka. Naujua mwavuli ule, mti wa nyuma kushoto naushika mimi, na kabla yangu baba yangu. Mimi na Ersilia tulipokaa jikoni kuchagua rangi, hakuna aliyekumbuka sikukuu, kwa sababu siku hiyo mimi nisingekuwa huku. Ningekuwa chini ya roshani, nimeshika mti, naliangalia tandiko kule juu.

Na ni sikukuu inayohamahama, mwaka huu huku, mwaka ujao kule. Humu ndani hakuna kengele.

Nilimwambia Efisio. Akaweka kikombe chini.

— Wewe Mkatoliki gani, husikii sikukuu inakuja?

— Na wewe?

— Mimi nilikuwa nafuma.

Hatukucheka. Basi lile la manjano ni la nani: la mwanangu au la Yesu? Duilia anaijua alama yetu, nilimweleza kwa mdomo wangu. Lakini Duilia namjua. Amwache Yesu apite chini ya roshani tupu? Afadhali akatwe mkono.

Efisio akatoa wazo, na ni wazo la mtu mwenye akili. Maandamano yakishapita kila nyumba itaondoa tandiko lake, maana upepo huu unaharibu hariri. Letu likibaki peke yake, mtoto kazaliwa. Likiondolewa pamoja na mengine, bado. Tukae tuangalie.

Tukakaa. Zamu kwa zamu, jicho moja moja.

*

Limeondoka. Letu peke yake!

Maandamano hayajafika hata kwa mwokaji. Naona mstari mweupe wa watoto wa komunyo unatambaa, nyuma yake kitu kinachometameta, ndiyo mwavuli. Matandiko yote yapo. Jekundu lipo, kijani lipo. Letu lilikuwepo, nikapangusa kioo cha darubini, nikatazama, halipo.

Efisio anasema upepo umeliiba. Upepo gani unachagua nyumba?

Sakramenti imepita. Nimeiona ikipita. Imepita chini ya ukingo mtupu. Kuna nini ndani ya nyumba ile kinachomfanya Duilia amwache Yesu apite hivihivi?

Nilikwenda kwenye sanduku la bendera. Ile ya kuomba msaada, nikaitoa nikaifungua. Nikiipandisha, Gosto atakuja, mawimbi yawe vipi. Efisio alikuja akasimama kati yangu na kamba. Hakupaza sauti.

— Gosto ana watoto watatu, akasema. — Ukipandisha hiyo, atakuja. Monaca itamngoja pale chini. Mkeo akiambiwa kesho jinsi Gosto alivyokufa, utamtazama kwa macho gani?

Nimeikunja. Mikono yake na yangu, pamoja, kona kwa kona, kama wanawake wawili wanaokunja mashuka.

Jioni nilifungua pazia la upande wa mji. La kwanza, kama kawaida. Nikawasha.

Ijumaa, 25 Mei

Mvua. Ukungu. Pwani haipo, kana kwamba hakujawahi kuwa na Italia. Nimesimama kwenye darubini naangalia pamba.

Watu husema kujifungua ni kuchungulia kaburi. Ersilia amechungulia mara mbili na kurudi na mikono mitupu. Mara ya pili alikuwa amekwisha shona nguo. Alizifumua mwenyewe, uzi kwa uzi, akazungusha uzi kwenye kibao, akaweka kabatini. Nilikwenda kupaka rangi mlango. Mwaka huu alipojua ana mimba hakushona kitu chochote. Alikuja akasimama mbele yangu, akauchukua mkono wangu, akauweka tumboni kwake. Tulikaa hivyo hadi mchuzi ukaungua.

Nampenda mwanamke huyu. Naandika kwa sababu sijawahi kumwambia kwa mdomo. Sisi watu wa San Ranieri huambiana vaa soksi.

Leo nimemkosea Efisio. Alikuwa kwenye kiti chake, tiki tiki tiki na sindano, soksi ya pili. Nikashindwa.

— Acha kufuma! Unamfumia nani?

Sindano zikasimama. Nikaona aibu, lakini neno likishatoka halirudi. Efisio akanitazama. Akavuta uzi, akaendelea.

— Namfumia aliyepo, akasema. — Wewe hujui kama yupo. Mimi pia sijui. Lakini miguu ikija bila soksi itasikia baridi.

Nikatoka nje kwenye mvua. Nilikwenda kukiangalia kiboti chetu kidogo, kile kilichofungwa juu ukutani. Nilikitazama tu. Makasia hayapo. Yuko mtu ameyaficha, na mtu huyo hadi sasa anajifanya hajui makasia ni nini.

Saa ya kuwasha niliketi kwenye ngazi. Sikutaka kupanda. Niwashe taa ili meli za watu zipite salama, wafike kwa wake zao, na mimi? Efisio akaja akakaa ngazi ya chini yangu, goti lake amelinyoosha.

— Wewe unaangalia ukingo wake, akasema. — Unadhani yeye anaangalia nini?

Nikasugua magoti yangu.

— Kila jioni anaangalia huku. Hana darubini. Ana taa hii tu. Kama yuko kitandani, wamemgeuzia kitanda. Isipowaka kwa saa yake, atajuaje kama u hai?

Nikapanda. Pazia la upande wa mji, la kwanza. Ukungu haukuruhusu kitu, nafikiri, lakini nimeliacha wazi muda mrefu kuliko kawaida kabla ya kugusa mengine.

Nimemwomba Efisio radhi. Akasema radhi haina haja, nishike tu huu uzi akiuviringa. Nimeushika mpaka chakula.

Jumamosi, 26 Mei

Kimya. Niliamshwa na kimya. Upepo umekufa usiku, mawimbi yamelala, na mbele ya macho yangu pwani imeoshwa. Naona kila jiwe.

Nilisimama kwenye darubini na sikuthubutu kuinama. Efisio akasema niangalie mimi au yeye. Nikasema mimi. Nikainama.

Nyeupe.

Shuka jeupe: njoo, kwa vyovyote vile. Efisio akanisukuma akashika darubini. Namwona mgongo wake hausogei. Nikamwambia niambie, hata kama ni nini, niambie.

— Nello, akasema. — Shuka lenu lina ukubwa gani?

— Shuka la kitanda cha watu wawili! La ukubwa gani litakuwa!

— Basi hili si shuka. Ni vitu vingi. Vidogo vidogo. Viko mstarini.

Nikamwondoa. Nikatazama. Tandiko halipo. Shuka halipo. Kamba ya nguo imefungwa kutoka ukingo hadi ukutani, na juu yake kuna weupe mdogo, halafu nafasi, halafu weupe mdogo, halafu nafasi, umejaa kamba yote. Vyote sawasawa. Vyote vya mraba.

Efisio amelea mabinti sita. Hakuhitaji kutazama tena. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma misa:

— Nepi.

Nepi! Hili hatukupatana! Hakuna aliyesema nepi ina maana gani! Lakini hakuna nyumba duniani inayotundika nepi kwa ajili ya maandamano. Nepi zinafuliwa kwa sababu moja tu. Kuna mtoto San Ranieri anayelowesha nepi, na kamba hiyo ni yangu!

Yupo. Yupo. Anakojoa, yupo.

*

Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya ukingo wa dirisha. Efisio amenilazimisha kunywa kahawa. Nimemwambia furaha yangu ina mguu mmoja. Nepi ni za mtoto. Mama je? Kwa nini manjano hayapo? "Wote wazima" ndiyo manjano. Nepi hazisemi wote.

Anayeanika ni pilipili manga. Nimemwona akitoka na beseni, akainama, akaanika, akaingia. Duilia. Mwendo wake wa haraka, wa mtu mwenye kazi. Nimejaribu kusoma mwendo ule. Mjane atabeba beseni vilevile kwenye nyumba ya furaha na kwenye nyumba ya msiba, nguo zake ni zilezile, hazinisaidii kitu!

Efisio anasema mzazi hatoki. Kwao na kwetu ni mamoja, mzazi hukaa ndani hadi siku zake ziishe, na Argene ni mkali, atamfungia kwa ufunguo. Kwa hiyo nisimtafute roshani. Nisipomwona, nisidhani mabaya. Nimeitikia. Naendelea kumtafuta.

Boti ya Gosto imetoka bandarini. Efisio ameiona kwa macho matupu. Ananiambia nifunge begi, begi nililolifungasha wiki iliyopita na kulifungua kutoa soksi. Shati liko mezani. Kofia na soksi za sufu amezifunga kwenye kitambaa, ameziweka juu ya begi mwenyewe, akazipigapiga kama mkate. Makasia yamerudi mahali pake, muujiza.

Sitaki kushuka. Gosto atafika na uso wake, na uso wa Gosto hauwezi kuficha kitu, nitajua kabla hajafunga kamba. Nataka kujua kutoka hapa. Nataka kujua kutoka kwa Ersilia.

*

Pilipili manga ametoka tena. Amebeba kiti. Amekiweka katikati ya roshani, mbele ya nepi, kinatazama bahari. Hakukaa. Amesimama mlangoni, mikono ameitanua, kama anayemgombeza mtu aliyeko ndani.

Mtu anatoka.

Si mweusi. Si mweupe. Efisio, shika hii darubini vizuri, inatikisika! Anasema haitikisiki darubini.

Ni wa manjano. Punje ya mahindi! Amejifunika tandiko la mama yake, kutoka mabegani hadi chini, amejizungushia lote. Ndiyo maana ukingo ulikuwa mtupu! Walilitoa ukingoni Alhamisi wakamfunika nalo, na Yesu akapita akaelewa. Anatembea. Polepole, lakini kwa miguu yake. Duilia amemshika upande mmoja. Hakai. Kiti kipo, hakai, amekuja mpaka ukingoni kabisa, amesimama hapo kama tandiko lenyewe. Argene atapiga kelele hadi Livorno.

Na ni mnene. Punje hii ni nene mno kwa mtu mmoja. Kuna kitu amekikumbatia mle ndani, kifuani, chini ya manjano.

Gosto anapiga honi, yuko chini ya ngazi. Efisio ananivuta mkono, anauliza wa kiume au wa kike, wa kiume au wa kike, kana kwamba kutoka hapa mtu anaweza kuona.

Ngoja, Efisio. Wote wangoje. Nimwangalie kwanza mama yake.